Ghala limejaa, mtoto amekonda

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, mwaka huu mavuno yangu yamekaribia mara mbili ya mwaka jana. Mbona wanangu hawaishi kukohoa na kuhara? Nakosea wapi?" Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, nikafuta. Swali lake lilinirudisha kwenye benchi la kliniki nililokalia miaka saba iliyopita, habari ambayo sijawahi kuisimulia hapa.

Mwaka ule nilivimba kichwa. Mbegu chotara, mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia, palizi mbili kwa wakati wake. Nilitoa magunia 62 kwenye shamba ambalo marehemu baba hakuwahi kufikisha 25. Picha ya ghala nilimtumia kila mtu niliyekuwa na namba yake, hata wale wasiopenda kuniona nikiinuka. Hasa hao.

Miezi mitatu baadaye muuguzi alimzungushia binti yangu utepe wa kupimia mkono. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Utepe ukasimama kwenye njano: sentimita 12.1. Chini ya 12.5 ni utapiamlo wa kadiri, chini ya 11.5 ni mkali. Muuguzi akauliza, "Nyumbani mna shida ya chakula?" Nikakaribia kutoa simu nimwonyeshe picha. Nikamjibu kwa ukali kwamba kwangu chakula kinakosa pa kuwekwa.

"Chakula gani?"

Nikanyamaza. Mke wangu akajibu taratibu, bila kuniangalia: "Mahindi, sista. Tuna mahindi tu."

Ni kweli. Ili nipate zile ekari zote, niling'oa maharage yaliyokuwa yakichanganywa humo. Bustani ya mboga kando ya maji nikailima mahindi. Kuku niliuza wote nikanunua mbolea. Mama mtu akawa shambani tangu alfajiri, mtoto akabaki na dada yake, naye bado mdogo, na kikombe cha uji. Pesa ya mauzo ilipoingia niliishika mimi, na sitawaambia niliipeleka wapi.

Simdharau anayehangaikia mavuno. Norman Borlaug, mtaalamu wa mazao wa Marekani, alipewa Nobel ya amani mwaka 1970 kwa sababu ya ngano iliyozaa sana, na njaa si mzaha. Lakini mahindi meupe hayana vitamini A ya maana, na protini yake ina upungufu wa laisini na triptofani, vijenzi vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza uji mtupu, umeshaziba nafasi ya yai na maharage. Udumavu nao, yaani mtoto kubaki mfupi kuliko umri wake, hauna subira: siku 1,000 tangu mimba kutungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, ndipo mengi huamuliwa.

Miaka miwili ya kurekebisha siwachoshi nayo. Nilirudisha maharage, nikarudisha kuku, nikapanda viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Wanasayansi wanne, akiwemo Mganda Robert Mwanga, walipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya mazao yaliyoongezwa virutubisho, na watatu kati yao kwa viazi hivi hivi. Gramu 125 tu zinaweza kutosheleza vitamini A ya siku nzima ya mtoto mdogo, ila weka na mafuta kidogo, la sivyo mwili hauichukui vizuri.

Sasa sikilizeni, maana wengi wenu mko nilipokuwa. Panga shamba ukianzia kwenye sahani. Kabla ya kununua mbegu, muulize anayepika amekosa nini. Pesa ya mavuno isikae mfuko mmoja. Mwachie mama sehemu yake na uamuzi wake, na usimmalize kwa palizi hadi akose muda wa kunyonyesha. Kuku wajengewe banda, kwa sababu kinyesi chao mahali mtoto anapotambaa ni njia rahisi ya kuhara, na nadhani ndugu yangu aliyeniandikia hapo ndipo pa kuanzia. Na narudia: sahani kwanza.

Mahindi nayo yakaushwe hadi unyevu wa asilimia 13 hivi. Huna kipimo? Tia punje kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani. Yenye unyevu huota kuvu wa sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na kuchemsha kwa kawaida hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya. Mimi ghala langu la magunia 62 nililifunga mapema, nikiwahi kupiga picha.

Binti yangu sasa ana miaka minane na nusu. Mjanja, hakamatiki kwa mbio. Wakipangwa kwa urefu shuleni husimama wa kwanza, mbele kabisa.

Msomaji wangu nimemjibu kwa swali: jana, tangu asubuhi, wanao walikula nini na nini? Naona anaandika, anaacha, anaandika tena.