Jibu: Puma yuko hatarini kweli?

Mkuu, umeuliza kama puma, yule paka mkubwa wa porini wa Amerika, anakaribia kutoweka. Kwa ujumla hapana. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, haimhesabu kuwa hatarini, maana ametapakaa kuanzia Kanada hadi kusini mwa Chile, ingawa idadi inashuka.

Kasheshe iko Florida, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 puma wa huko walibaki kama 20 hadi 30 tu, wakawa wanazaana ndugu kwa ndugu mpaka mikia ikapinda na mioyo ikawa na kasoro. Mwaka 1995 wakaletewa majike 8 kutoka Texas, damu ikachanganyika. Sasa wakubwa wanakadiriwa kati ya 120 na 230, na anayewamaliza zaidi ni magari, si bunduki.

Puma wa mashariki mwa Amerika Kaskazini ndiyo basi tena: Marekani ilimfuta kwenye orodha yake ya wanyama walio hatarini 2018, kwa kuwa ameshatoweka.