Bustani ya sakafu: punguza vyungu, ng'oa vibao

Nilipohamia nyumba ninayoishi, nilikuta nyuma kuna kiwanja cha mita 4 kwa 5 kilichotandazwa vibao vya saruji ukuta kwa ukuta. Hapakuwa na udongo hata wa kiganja. Nikafurahi, nikijua sina nyasi za kukata, nikaanza kununua vyungu. Mwaka ulipoisha vilikuwa 31, vingi vyake vidogo vya kubebeka kwa mkono mmoja. Jua lilipokuwa kali nilimwagilia asubuhi na jioni, na nikisafiri siku tatu narudi kukuta nusu ya mimea imenyauka. Bustani niliyoitaka inipumzishe ikawa ndiyo inayonichosha.

Chungu kidogo kina udongo mchache, kwa hiyo kina maji machache. Isitoshe, saruji hufyonza joto mchana kutwa na kulitoa polepole hadi usiku, na chungu cha udongo wa kuchoma kisichopakwa chochote hupoteza maji kupitia kuta zake. Mmea uliomo humo hauna pa kukimbilia. Nikagawa vyungu vyote nikabakiza nafasi ya vitano tu, kila kimoja kipana sentimita 50. Sasa namwagilia kila baada ya siku nne au tano, nikimimina taratibu mpaka maji yatokee chini.

Kuna desturi ya kuweka kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri. Nilifanya hivyo miaka mingi. Haisaidii: maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo tope linasogea tu karibu zaidi na mizizi. Kinachohitajika ni tundu lililo wazi, na chungu kuinuliwa kidogo juu ya vipande vya tofali. Sahani za chini nimeziondoa zote, maana maji yakituama humo kwa wiki moja au mbili, mbu wanazaliana.

Lakini jambo lililobadilisha kabisa mahali hapa ni kung'oa vibao. Niling'oa vinne vya sentimita 60 kwa 60 kando ya ukuta wa mpaka, nikatoa mchanga na kifusi kilichokuwa chini, nikachimba kina cha sentimita 40 na kujaza udongo uliochanganywa na mboji. Mmea ulio ardhini hutuma mizizi chini kujitafutia maji. Wa chungu hunisubiri mimi. Mimea ya pale nilimwagilia msimu wa kwanza tu, na leo naimwagilia tu mvua ikiadimika. Kabla hujachimba, hakikisha unajua mabomba yanapita wapi. Wala usifanye hivyo kwenye ukuta wa nyumba yenyewe, kwa sababu udongo wenye maji ukiegemea ukuta huo, unyevu unaweza kuingia ndani.

Magugu je? Watu wengi hudhani yanatoka chini, wakatandika nailoni kabla ya kutandaza vibao. Mengi huanzia juu: vumbi na majani makavu hujikusanya kwenye nafasi zilizo kati ya vibao, mbegu zinapeperushwa na upepo, zinaota humo humo. Kwa hiyo dawa kubwa ni ufagio, mara moja kwa wiki, na kujaza mchanga upya pale unapopungua. Yakichipua, maji yaliyochemka huua yaliyo machanga. Chumvi usiitie kamwe. Ikisombwa na mvua hadi kwenye udongo, mimea yako itaumia.

Kwenye mimea nimekuwa mkali. Aina tatu zinatosha, na nimezirudia: bogenvilia ukutani, mchaichai pale penye jua, na sanseveria kwenye kivuli, ule wenye majani yaliyosimama kama panga. Kama kwako baridi hugandisha maji, hizi hazitakufaa. Tafuta zinazostahimili hali ya kwenu. Bogenvilia iliyokwisha kushika mizizi huchanua vizuri zaidi ikionjeshwa ukame kidogo, na uipogoe inapomaliza maua. Aina chache zilizorudiwa hufanya sehemu ndogo ionekane imetulia, tofauti na ile fujo yangu ya vyungu 31.

Ukiwa ndiyo kwanza unatandaza sakafu, hakikisha inainama kuelekea mbali na nyumba, kama sentimita moja na nusu kwa kila mita. Sehemu yangu moja haikupewa mwinamo huo na kila mvua huacha dimbwi, kisha ukungu wa kijani unaoteleza. Nitaipandisha upya mwaka huu.

Na vyungu vikubwa viweke mahali pake vikiwa vitupu, ndipo ujaze udongo. Cha kwanza nilikijaza mlangoni, na tulihitaji watu watatu kukifikisha kwenye kona.