Sachi ya shamba Samburu

Umeuliza kama kaunti ndiyo husajili hati za mashamba. Hapana, haisajili, hata huko Samburu, Kenya. Masjala ya ardhi iko chini ya Wizara ya Ardhi. Nilimfanyia mjomba sachi, yaani kukagua rekodi rasmi za shamba, majuzi: peleka masjala namba ya shamba na nakala ya hati. Majibu yana sehemu tatu, na ya tatu isome pole pole. Mkopo wa benki au zuio la mahakama huandikwa hapo. Karatasi ya makubaliano ya kuuziana yenye muhuri wa chifu haihamishi umiliki. Ila kama ni ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, kaunti inaishikilia kwa niaba ya wenyewe tu, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaikataza kuiuza.