Ukiomba msaada Tanga, nani anakusikia? Maswali na majibu kuhusu masafa ya dharura

Maswali ya safari hii yanatoka mkoani Tanga, kuanzia pwani ya Kigombe hadi mpakani Horohoro. Yote yanagusa jambo moja: simu ikikata, utazungumza kwa masafa gani, na upande wa pili kuna mtu anayesikiliza?

Wavuvi tumenunua redio ndogo za mkononi. Muuzaji katuwekea chaneli moja ya kuongea sisi kwa sisi. Chombo kikipinduka, tukiita humo tutasikika? (Nahodha, Kigombe)

Nahodha, watawasikia wenzenu tu, na hao nao wawe karibu. Masafa ya kuomba msaada baharini ni chaneli 16, yaani megahezi 156.800, na ni hiyo hiyo dunia nzima. Meli kubwa huisikiliza zikiwa safarini, bandari huisikiliza, na ndiyo njia ya kuwafikia wanaoratibu utafutaji na uokoaji. Chaneli aliyowachagulia muuzaji haina mtu wa zamu.

Vipimo vya chaneli 16 ni hivi: 156.800 kutuma na 156.800 kupokea, FM, upana wa kilohezi 25, toni (mlio usiosikika ambao redio husubiri ndipo ifungue spika) imezimwa pande zote mbili. Hapo kwenye toni ndipo mafundi wengi hukosea. Redio ikiwekewa toni ya kupokea, itakaa kimya hata kama meli inakujibu kwa sauti kubwa, kwa sababu meli haitumi toni hiyo. Upana nao ukiachwa kilohezi 12.5, sauti yako itafika hafifu na ya wenzako itakuja imekwaruzika. Ongezeni chaneli 6, megahezi 156.300, inayotumika chombo kwa chombo wakati wa uokoaji.

Hata hivyo, redio zinazofunguka kila masafa hazikutengenezwa kwa ajili ya bahari. Maji ya chumvi huziua upesi, na mtoto akichezea vitufe anaweza kuingia masafa ya polisi au ya hospitali, akamziba mtu mwenye shida. Tafuteni redio halisi ya baharini, wati 5 au 6, yenye alama ya IPX7 (inastahimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30), na leseni yake iombeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini. Kikundi cha BMU (cha wavuvi kusimamia ufukwe) kikiomba kwa pamoja, kazi huwa nyepesi kuliko kila nahodha peke yake.

Umbali pia mujue. Mawimbi ya VHF, yaani masafa ya redio kama hizi, husafiri karibu na mstari wa macho. Chukua kimo cha antena yako kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili (cha 4 ni 2, cha 36 ni 6), fanya vivyo hivyo kwa antena ya mwenzako, jumlisha, kisha zidisha kwa 4.12. Utapata kilomita. Redio mbili za mkononi zilizo mita 1 juu ya maji: (1+1) × 4.12, yaani kilomita 8 hivi. Antena ya mlingotini mita 4 na antena ya nchi kavu mita 36: (2+6) × 4.12, kilomita 33. Kwa hiyo mkiwa katikati ya mkondo wa Pemba na redio ya mkononi, wa kumtegemea ni meli inayopita au mashua jirani. Angalau chombo kimoja katika kundi kiwe na redio ya wati 25 yenye antena juu ya mlingoti.

Namna ya kuita: bonyeza kitufe, subiri sekunde moja, sema "MAYDAY" mara tatu, jina la chombo mara tatu. Kisha rudia MAYDAY na jina, taja mahali ulipo (namba za GPS, au umbali na upande kutoka rasi au kisiwa kinachojulikana), shida yenyewe, msaada unaotaka, idadi ya watu. Achia kitufe, sikiliza. Wengi huendelea kubonyeza kwa hofu, na ukiwa umebonyeza husikii chochote.

Nikiwa mbali baharini simu inaonyesha mtandao ila nikipiga inakatika. Kwa nini? (Mvuvi, Deep Sea)

Mnara unapiga kelele, wewe unanong'ona. Mnara una nguvu nyingi na antena ndefu. Simu yako kwenye 4G hutuma takriban wati 0.2 tu, kwa hiyo unausikia na wenyewe haukusikii. Kabla ya kutweka tanga, ingia kwenye mipangilio uchague 2G pekee. Kwenye megahezi 900 simu ya 2G inaweza kutuma hadi wati 2, mara kumi zaidi. Lakini 2G nayo ina ukomo uliomo kwenye hesabu zake za muda. Mnara wa kawaida haupokei simu iliyo zaidi ya kilomita 35, hata bahari iwe shwari na mnara unaonekana kwa macho.

Tunataka ripita (mtambo unaopokea sauti ya redio na kuirusha tena ifike mbali) ya VHF kwa magari ya wagonjwa na zimamoto kati ya Muheza na Amani. Tuifunge kileleni kabisa? Na betri ziwe ngapi? (Mjumbe wa kamati ya maafa)

Kilele kinavutia, lakini kwa barabara ile tungeshauri mkifikirie mara mbili. Antena iliyo mita 1,000 juu ya usawa wa bahari ina upeo wa kilomita 130 kwa hesabu ile ile ya hapo juu. Maana yake mtafika Pemba na kuvuka mpaka wa Kenya, mtasumbua watu huko na wao watawasumbua, huku bonde lililo chini ya miguu yenu limefichwa na bega la mlima. Tafuteni mahali pa chini kidogo panapoiona barabara, hata kama hapaoni bahari.

Msinunue chochote kabla ya majaribio. Simamisheni antena ya muda juu ya nguzo, weka redio ya wati 25, kisha gari lipite barabara yote likiandika kila kilomita: sauti safi, sauti yenye mikwaruzo, au kimya. Rudieni baada ya mvua. Msitu wa Usambara ukilowa hunyonya mawimbi, na kipimo cha siku ya jua kitawadanganya. Jaribuni pia kwa redio ya mkononi ya wati 5, kwa sababu ripita ya wati 50 husikika sehemu ambazo yenyewe haimsikii muuguzi mwenye redio ya mkononi. Tofauti ni desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Anayeitwa anasikia, akijibu hasikiki, na watu hudhani redio yake imeharibika.

Masafa ya ripita ni mawili, moja la kupokea na moja la kutuma, na TCRA ndiyo inayoyagawa. Subirini barua ya masafa mkononi ndipo muagize dupleksa, kile kifaa kinachoruhusu antena moja kupokea na kutuma kwa pamoja. Dupleksa hupimwa na kukazwa kwa masafa hayo mawili tu. Ikiagizwa mapema italazimu ikazwe upya, na hiyo si kazi ya bisibisi na makadirio, inataka kipimo maalumu.

Mkikaribishwa kwenye mnara wenye mitambo mingine, ulizeni orodha ya masafa yote yaliyopo. Mitambo miwili ikichanganyikana huzaa masafa ya tatu: zidisha la kwanza kwa mbili, toa la pili. Mtambo wa 150.100 na wa 150.300 huzaa 149.900 na 150.500. Masafa yenu ya kupokea yakiangukia hapo, ripita itaziba kila mitambo hiyo miwili inapotuma kwa wakati mmoja. Kutu kwenye boliti za mnara huongeza tatizo hilo, na kwa hewa ya Tanga kutu haikosekani.

Usiokoe pesa kwenye kebo. Kebo nyembamba ya RG-58 ya mita 20 hula karibu desibeli 4 kwa masafa haya: unaingiza wati 25, antena inapata 10. RG-213, iliyo nene zaidi, kwa urefu huo huo huacha wati 16 au zaidi. Viungo vya nje vifungwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, juu yake utepe wa kawaida, na kebo ipindwe chini kidogo kabla ya kuingia chumbani ili maji yadondoke hapo. SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, ikiwa chini ya 1.5 ni nzuri. Ikipanda ghafla kupita 2 bila kuguswa na mtu, anzeni kutafuta maji kwenye kiungo.

Sasa betri. Tuseme ripita inakula ampea 1 ikisikiliza na ampea 8 ikituma, na siku ya maafa inatuma asilimia 30 ya muda. Wastani: (0.7 × 1) + (0.3 × 8) = ampea 3.1. Kwa saa 72, hiyo ni ampea-saa 223. Betri za asidi zisishushwe chini ya nusu, kwa hiyo mnahitaji takriban 450 za volti 12. Za lithiamu mnaweza kutumia asilimia 80, hivyo 280 zinatosha. Kwa sola, matumizi ya siku ni 3.1 × 24 × 12, karibu wati-saa 900. Hesabuni kwa jua la masika, tuseme saa 3.5 za jua kamili, na upotevu wa asilimia 30: wati 370 hivi, kwa hiyo wekeni paneli za wati 400. Aliyehesabu kwa jua la Januari ataishiwa umeme Aprili, mwezi ambao mito hufurika.

Mwisho kwa hili, kila redio iwe na chaneli moja ya moja kwa moja isiyopitia ripita, na kila dereva aijue kwa namba. Radi ikipiga mlimani, hiyo ndiyo itakayobaki.

Mafuriko yakitokea simu ina mistari yote ya mtandao lakini haipigi. Mnara umekufa? (Fundi simu, Ngamiani)

Mnara ungekufa, mistari ingeondoka. Mara nyingi umejaa. Kwenye 2G, wimbi moja la kilohezi 200 hugawanywa nafasi 8, na takriban 7 ndizo za mazungumzo. Upande wa mnara wenye mawimbi mawili hubeba simu 14 hivi kwa mpigo, labda mara mbili yake sauti ikibanwa. Mtaa mzima ukishika simu kwa wakati mmoja, wa 15 anaambiwa mtandao hauna nafasi. Sababu nyingine ni kukatika kwa kiungo kati ya mnara na makao makuu ya mtandao: mnara unawaka, hauna pa kupeleka simu. Kukatika umeme huja baadaye, betri za mnara zikiisha na gari la dizeli halipiti barabarani.

Waambie wateja wako waandike ujumbe mfupi: mahali, idadi ya watu, shida. Ujumbe hauhitaji nafasi ya mazungumzo na ukikwama mtandao hujaribu tena. Kwa dharura yenyewe wapige 112, au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Ukipiga 112, simu inaweza kutumia mtandao wowote inaoukuta hapo, hata kama mtandao wako hauna mawimbi.

Ipo pia teknolojia ya tangazo la mnara, ambapo ujumbe mmoja hufika kwenye simu zote zilizo chini ya mnara huo bila kuhitaji namba ya mtu na bila kusongamana. SMS za kawaida hutumwa moja moja, na watu laki moja huchukua muda ambao maji hayasubiri. Ukitengeneza simu ya mteja, usizime sehemu ya tahadhari za dharura. Wengi huizima kwa kudhani ni matangazo ya biashara.

Kwa nini vyombo vya uokoaji visipewe masafa yao ya intaneti badala ya kugombania na sisi? (Mwanafunzi, Tanga Mjini)

Dunia imelifikiria. Mkutano wa masafa wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2015 ulizihimiza nchi kutumia sehemu za megahezi 694 hadi 894 kwa mawasiliano ya kasi ya usalama na uokoaji, na 380 hadi 470 zimezoeleka kwa redio za sauti. Sehemu ya juu ya iliyokuwa bendi ya televisheni za analojia, tulizoanza kuzizima Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, imo ndani ya eneo hilo. Bendi ya 700 inapendwa na kila mtu kwa kuwa ina nafuu ya desibeli 11 hivi kuliko ile ya 2600, kwa hiyo minara michache hufunika eneo kubwa.

Ugumu ni minara. Masafa ya peke yake bila minara yake ni karatasi tu. Kwa mkoa kama Tanga tungependelea redio za sauti zenye masafa yao na ripita zao, na kwa picha na ramani, laini za uokoaji zipewe kipaumbele kwenye mitandao ya kibiashara. Kipaumbele hicho kiandikwe kwenye mikataba na kijaribiwe kabla ya maafa.

Hapa Horohoro simu inarukia mtandao wa Kenya yenyewe. Nikipiga 112 itaenda wapi? (Mwalimu, Mkinga)

Itaenda kwa mtandao uliokushika, mwalimu, na ukiwa wa Kenya, atakayepokea anaweza kuwa Kenya. Sema kwanza "niko Tanzania, Horohoro", kisha shida yako. Ili kuzuia, zima uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha na uchague mwenyewe. Simu nyingine huonyesha namba badala ya majina: inayoanza na 640 ni ya Tanzania, 639 ni ya Kenya. Kwa wenye minara, dawa ni kuinamisha antena zisivuke mpaka na nchi mbili kupatana nani anatumia masafa gani karibu na mstari.

Tumepewa kiboya cha dharura kilichotumika, kimeandikwa 121.5 tu. Tukifunge? (Mwenye boti ya wageni, Pangani)

Hapana. Setilaiti ziliacha kusikiliza masafa ya megahezi 121.5 tangu tarehe 1 Februari 2009. Kinachosikika ni cha megahezi 406, na hicho hutumia 121.5 kama sauti ya kuwaongoza waokoaji wakishakaribia. Hata cha 406 kilichotumika kina namba ya herufi 15 iliyosajiliwa kwa mwenye awali. Bila kubadilisha usajili, ukikiwasha atatafutwa yeye kwao. Angalieni tarehe ya betri, ambayo ikiwa nzima hutuma kwa saa 48 au zaidi, na kile kifungio kinachokiachia chombo kinapozama, hubadilishwa kila miaka 2.