Huo mstari wa zambarau sio aurora ya kawaida, huyo ni STEVE

Mkuu nimeizoom hiyo picha yako mpaka basi. Umeuliza kama huo mkanda mwembamba wa pinki uliokatiza anga zima ni aurora (ile mianga ya usiku inayocheza angani karibu na ncha za dunia), moshi wa ndege ama roketi, na naona wadau hapo juu wameshajibu "aurora hiyo" wakafunga mjadala. Mimi nabisha. Kwa jinsi ulivyonyooka mashariki kwenda magharibi, tena juu ya utosi wako, na kwa vile umesema kijani cha aurora upande wa kaskazini kilikuwa kimeshapoa, huyo ni STEVE, mwanga mwingine wa angani unaofanana na aurora ila sio aurora.

Ndio jina lake, usicheke. Kuna group la wapiga picha wa aurora kule Alberta, Kanada, walikuwa wanaupiga siku nyingi tu na kuuita tao la protoni, walipokuja kukutana na wanasayansi wakaambiwa aurora ya protoni haionekani kwa macho hivyo tafuteni jina lingine, nao wakachukua jina kwenye katuni kiutani tu, na lilishika mwaka 2016. Kirefu chake kilikuja kutungwa baadaye ili lionekane la heshima.

Sasa tofauti iko wapi. Aurora ni chembe, hasa elektroni, zinashuka kwa kasi kufuata sumaku ya dunia zinagonga oksijeni na naitrojeni huko juu. Kijani kinatoka kama kilomita 100 hadi 150, nyekundu inatoka juu zaidi ya kilomita 200 kwa sababu atomu ya oksijeni inahitaji karibu dakika mbili kabla ya kutoa ule mwanga mwekundu, huku chini hewa ni nzito inagongwa na wenzake kabla haijautoa. STEVE hana hiyo mvua ya chembe. Mwaka 2016 setilaiti mojawapo ya Swarm, za Shirika la Anga la Ulaya, ilipita katikati yake, joto likaruka kwa nyuzi 3000 hivi, na ndani yake kulikuwa na mkondo wa gesi wenye upana wa kilomita kama 25 unakimbilia magharibi kilomita 6 kwa sekunde, wakati pembeni mwake gesi inajivuta mita 10 tu kwa sekunde. Yaani ni gesi imepashwa moto kwa kukimbizwa. Makala ya kwanza ya kisayansi ilitoka 2018, ila namna hasa hiyo gesi inavyotoa ile rangi bado watu wanabishana mpaka leo.

Niseme nilivyomuona mimi maana ndio itakusaidia. Aurora ilikuwa imecheza vizuri tu jioni ile, ikafifia, watu wakaanza kuingia kwenye magari, mimi nikabaki kwa sababu betri ya simu ilikuwa imezimwa na baridi na nilikuwa nimeibana kwapani ipate joto. Nikainua kichwa nikaona kitu kama mstari wa kijivu, macho hayaoni pinki yoyote pale, ukiambiwa ni wingu unakubali. Simu ilipowaka nikaiegemeza juu ya boneti, modi ya usiku, sekunde kumi, ndipo ikatoka zambarau kabisa! Chini yake kukaanza kutokea vijiti vya kijani vimesimama wima vimepangana kama fito za uzio, vinatokea vinapotea, vinatokea kwingine. Vile vijiti viko chini kuliko mkanda wenyewe, na ukivipata kwenye picha hakuna tena haja ya kubishana na mtu.

Kwa hiyo wale wanaoondoka kijani kikipoa wanamkosa kizembe. Huyu mara nyingi anakuja baada ya aurora kuchemka na kuanza kutulia, kabla ya usiku wa manane, anakaa dakika 20 mpaka saa nzima hivi. Na usimtafute kaskazini, angalia juu yako na upande wa ikweta (walio kusini mwa dunia wageuze).

Hoja ya moshi wa ndege: moshi unapanuka, unasukumwa na upepo, unakatika. Roketi inapita dakika chache imeisha. Njia ya Maziwa je? Hiyo inahama na nyota zake, piga picha mbili kwa kupishana robo saa utaona.

Kuna ndugu yake mwingine niseme haraka, tao jekundu pana lililotulia, linaitwa SAR. Hilo linatokea kwenye dhoruba kubwa za sumaku, yaani jua likiivuruga sumaku ya dunia, mwanga ni ule ule mwekundu wa oksijeni, macho kwa kawaida hayalioni kabisa, kamera inaliona. Tarehe 17 Machi 2015 kule Dunedin, New Zealand, kuna picha zilipigwa zinaonyesha tao hilo likibadilika taratibu kuwa STEVE, uchambuzi wake ukachapishwa 2022. Kwa hiyo kama picha zako za mwanzo zina wekundu hafifu usizifute kabisa.

Na hao wanaosema mpaka ije dhoruba kama ile ya Mei 2024, ile ya daraja la G5, la juu kabisa, ambayo ilikuwa ya kwanza ya kiwango hicho tangu Oktoba 2003, sio kweli. STEVE anatokea hata usiku wa dhoruba za kawaida tu.

Mkuu tupe saa kamili uliyopiga, ulikuwa umeelekea wapi, na kama una picha zingine za dakika zile zile ziweke zote hata zilizotikisika. Af zipeleke kwenye tovuti ya Aurorasaurus, wanapokea ripoti za watu wa kawaida kama sisi na wanasayansi wanazitumia kweli.