Mnato witiri: kabla hujanionyesha grafu yako

Jumatatu kwenye kikao cha kikundi, kijana wetu mpya katuwekea grafu: mfereji wa vipimo viwili, kisahani katikati, kiowevu kisichobanika, kuta zisizo na utelezi (kiowevu kinazigandia), na mtiririko unaokwepea kushoto. "Mnato wa Hall," akasema, uso unang'aa. Ndilo jina jingine la mnato witiri: ule unaosukuma kiowevu kando badala ya kukipunguzia mwendo. Nikainamisha kichwa. Grafu ile niliichora mimi miaka mingi iliyopita, hadi rangi zake. Basi wadogo zangu, tuelewane kabla hamjachapisha bango la mkutano.

1. Piga hesabu ya kazi kwanza, yaani nishati ambayo mnato unaila. Zidisha mkazo (nguvu za ndani za kiowevu) na mteremko wa kasi, jumlisha. Sehemu ya witiri lazima itoe sifuri kila nukta. Si "karibu sifuri". Tunauita mnato usiopoteza nishati, halafu hakuna anayekagua kama kweli haipotei!

Mimi sikukagua. Kwenye programu yangu, mkazo wa kukata ulikuwa na alama ya kutoa isiyostahili. Alama moja tu. Tensa, yaani jedwali linalounganisha mkazo na mteremko wa kasi, ambayo ingepaswa kugeuza ishara ukibadilishana jozi za fahirisi (namba za nafasi kwenye jedwali) ikawa haigeuzi, yaani nilikuwa nimeandika mnato shufwa (wa jamii ya ule wa kawaida), tena wenye kupendelea mielekeo fulani, nikaubatiza witiri. Mtiririko ukakwepa. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pochi. Kwa uangalifu wote (nilijiona mwangalifu sana) nikageuza mfereji mzima nyuzi 90. Mtiririko ukakwepea upande uleule. Nikaandika kwenye rasimu kwamba matokeo hayategemei mwelekeo. Miezi tisa nilipika grafu. Nilimpigia mama simu kumwambia nimegundua kitu. Akauliza kama kinaliwa.

Siku ya bango akaja mzee mmoja mstaafu, kahawa mkononi, akatazama kimya, kisha: "Mwanangu, umejaribu nyuzi 45?" Nikamjibu nimejaribu 90, inatosha. Akacheka kidogo, akaondoka. Usiku ule nikajaribu. Mtiririko ukakwepea kulia. Kosa langu lilikuwa linazunguka kwa mara nne ya pembe: nyuzi 90 linarudi lilivyokuwa, nyuzi 45 linageuka kabisa. Kipimo pekee nilichokuwa nimechagua ni kimojawapo cha vile ambavyo visingeweza kunikamata. Asubuhi nilirudi kulivua bango mwenyewe, watu wakinywa chai.

2. Hata bila kosa la alama, grafu ile haiwezekani. Kiowevu kisichobanika katika vipimo viwili, nguvu ya witiri ni mteremko wa vortisiti (kiasi kiowevu kinavyojizungusha), na shinikizo linaumeza wote. Kuta zikilazimisha kasi iliyo kando yake, kasi haijui kama mnato huo upo. Unautaka? Nenda kwenye uso huru, pale kiowevu kisipobanwa na ukuta. Mwaka 2019 kundi moja lilizungusha vijisanduku vya hematiti (madini ya chuma) kwa sumaku, vijitu vya kama mikroni moja na nusu, na wakausoma mnato witiri kwenye mawimbi ya ukingoni. Ukingoni, jamani, si katikati ya mfereji.

3. Si kila kitu chenye jina la Hall ni cha kitopolojia, yaani chenye thamani isiyoyumba ukiuchezea mfumo kidogo. Kipimo cha mnato huu cha 2019 kwenye grafini (tabaka moja la atomi za kaboni) ni cha elektroni zinazotiririka kama kiowevu kwenye uga dhaifu wa sumaku. Hakuna ngazi tambarare pale, zile thamani zinazoganda palepale uga ukibadilika. Mkikitaja kama ushahidi wa ukwantishaji (thamani kuja kwa hatua maalumu tu) nitanyanyua mkono, na mnajua mkono wangu haushuki.

4. Fomula ya mnato wa Hall ya mwanafizikia Read ya 2009, nusu ya ħ (namba ya Planck gawanya kwa 2π) mara msongamano mara spini ya wastani ya obiti (mzunguko wa kila elektroni), inadai pengo la nishati na ulinganifu wa mzunguko, yaani mfumo ubaki uleule ukiugeuza kwa pembe yoyote. Kwenye latisi (nukta zilizopangwa kama wavu) ulinganifu huo kamili hamna. Ngazi ya chini ya Landau (ngazi ya nishati ya elektroni kwenye uga wa sumaku) ikijaa, spini hiyo ni 1/2; hali ya Laughlin ya 1/3, ngazi hiyo ikijaa theluthi tu, ni 3/2. Anzeni na hizo mbili, programu ikizikosa msisonge mbele. Na someni makala ya Avron, Seiler na Zograf ya 1995 kuhusu mnato huu. Ni fupi. Hakuna kisingizio.

5. Hifadhi matoleo ya programu yako. Mimi sikuhifadhi, ndiyo maana ile alama niliitafuta siku nne.

Kijana wa Jumatatu nimemwandikia: geuza nyuzi 45. Akajibu kwamba ameshajaribu 90.