Kusi iliivumilia, kaskazi imeikataa

MUULIZE BI FUNDI

SWALI: Shikamoo, Bi Fundi. Napiga video za harusi, hasa kupamba, na kuzihariri nyumbani Kisauni. Kompyuta niliiunda mwenyewe: prosesa Core i5-9600K, ramu giga 16. Mwezi wa Agosti niliipandisha kasi hadi gigahezi 5.0 kwa volti 1.38, nikifuata vipimo vya kijana mmoja wa Ufini niliyemwona mtandaoni. Ikaenda vizuri hadi Desemba. Tangu Januari ni balaa: mara kioo chageuka buluu na kuandika WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, mara yazimika ghafla kama iliyochomolewa. Nimefomati mara mbili. Kaka yangu asema ninunue pawasaplai mpya, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Kompyuta iko kwenye ekstensheni moja na friza ya mama, anauza barafu za ukwaju. Nifanyeje?
— Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Acha kufomati. Leo hii, kabla ya jambo lolote, nakili kazi za watu kwenye diski ya nje. Mashine inayoyumba huharibu mafaili kimyakimya, na bibi harusi hapambwi mara ya pili eti kwa sababu kompyuta yako imekosea hesabu.

Una maradhi mawili, nawe unayatibu kama moja. Kioo cha buluu ni kitu kingine, kuzimika ni kitu kingine.

Tuanze na buluu. Ujumbe ule maana yake vifaa vyenyewe vimekosea, si Windows, ndiyo maana kufomati hakukufaa kitu. Kwa mashine iliyopandishwa kasi, wa kwanza kushukiwa ni huko kupandishwa kwenyewe. Na miezi yako imenipa jibu kabla sijamaliza barua. Agosti ni kusi, mchana wa Mombasa ni nyuzi 28 hivi. Januari ni kaskazi, nyuzi 32 au 33, na chumba cha bati huzidi hapo. Kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani, prosesa nayo huongeza karibu nyuzi moja. Vipimo vya yule kijana wa Ufini si vya uongo, ila ni vya kwao.

Halafu tazama hesabu. Joto linalotolewa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba. Tuseme umetoka gigahezi 4.7 kwa volti 1.25 ukaenda 5.0 kwa 1.38: kasi imeongezeka kama asilimia 6, joto karibu asilimia 30. Kazi ya dakika 40 kwenye 5.0 itachukua dakika 42 na nusu kwenye 4.7. Hata chai ya tangawizi haijachemka! Mimi naona haifai. Vijana wa ovakloki, yaani huko kupandisha kasi, watanitukana, na wanitukane.

Ingia kwenye bayosi, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, urudishe kila kitu kilivyotoka kiwandani. Nasema kila kitu, na XMP ya ramu, ule mpangilio wa kuipandisha ramu kasi, ikiwemo, maana wengi hapo ndipo wanaposahau. Prosesa yako imeidhinishiwa ramu ya kasi ya 2666. Kama yako ni ya 3200 na umewasha XMP, hiyo nayo ni ovakloki, hata kama 3200 imeandikwa kwenye kijiti chenyewe. Fanya kazi siku tatu. Buluu ikipotea, mkosaji umemjua. Ikibaki, endesha MemTest86, programu ya kupima ramu, usiku kucha, kijiti kimoja kimoja. Kosa moja tu latosha kukitoa kijiti.

Kabla hujaipandisha tena, fungua kasha. Vumbi la pwani halipeperuki kama la bara. Lina unyevu na chumvi, linaganda. Juzi nimefungua ya mteja wa Majengo: kati ya mapezi ya hitisinki, chuma cha kupoza prosesa, palikuwa na blanketi la kijivu, nikalivuta kwa kibanio likatoka zima kama kipande cha sufi. Skrubu zote kutu. Tumia brashi ya rangi, mpya na kavu, na feni uishike kwa kidole isizunguke. Usipulize kwa mdomo, unatia mate. Pesti kuukuu iliyo kati ya prosesa na hitisinki ifute kwa spiriti, upake mpya kiasi cha punje ya mbaazi.

Kisha washa XMP ya ramu peke yake kwanza. Ikitulia, prosesa: 4.5, siku moja, 4.6, siku moja, 4.7, basi. Pima kwa Prime95, programu inayoitwisha prosesa mzigo mzito, saa nzima huku HWiNFO, programu ya kusoma joto, ikikuonyesha nyuzi, ikipita 85 rudi nyuma. Na upime saa nane mchana, si saa tano usiku mji umeshapoa. Kupima wakati wa ubaridi ndilo kosa lako la Agosti.

Sasa kuzimika. Prosesa yako ikifika nyuzi 100 hujipunguza kasi kwanza, haikimbilii kuzima. Kuzimika hivyo mimi nashuku umeme, na mshukiwa umemtaja mwenyewe mwisho wa barua kama mtu anayemkaribisha mwizi chai: friza. Kompresa ikianza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, volti kwenye ekstensheni ikaanguka kwa nukta moja, nayo mashine iko katikati ya kazi nzito. Niliwahi kumbadilishia mteja ramu, kisha ubao mama, na wiki ya pili nikashika plagi ya ekstensheni nikaungua kidole. Plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya halua. Pesa ya ramu nilimrudishia. Ya ubao mama naona haya kuizungumza.

Friza ipewe soketi yake ukutani, kompyuta yake, wiki nzima. Ikizimika bado, hapo ndipo tutamsikiliza kaka yako.

SWALI: Bi Fundi, nimeondoa ubavu wa kasha nikaelekeza feni ya meza ndani. Kuna ubaya?
— Msomaji, Likoni

JIBU: Nyuzi zitashuka, si uongo. Ila umewafungulia mlango mijusi kafiri, nao wanapenda joto. Nimewahi kumtoa mmoja nyuma ya kadi ya grafiki, amekauka kama dagaa. Ziba upande huo kwa wavu wa chandarua, na uufue kila mwezi.